Daftari la Mangi au mkopo wa mtaani: lipi lilipwe kwanza ukilea peke yako?

Ushauri mwingi wa kulipa madeni huchukulia kwamba nyumbani kuna watu wazima wawili: mmoja akikwama, mwenzake anasukuma mpaka mwisho wa mwezi. Ukiwa unalea peke yako, uwe mjane, umeachika, au mzazi mwenzio aliyeyuka tangu mimba ikiwa changa, hesabu inakuwa nyingine. Homa ya mtoto ya siku tatu ni siku tatu za biashara kufungwa. Kwa hiyo swali la "nianze na lipi" haliishii kwenye riba. Kuna deni lisilo na riba hata shilingi moja ambalo likichelewa linakuzuia kutoka nyumbani kwenda kutafuta.

Naandika nikiwa Dar es Salaam, ambako ndiko nilikolipa ya kwangu. Nitalinganisha njia nne ambazo watu wa kipato chetu wanazitumia kweli: kuanza na deni dogo, kuanza na deni lenye riba kali, kuunganisha madeni kupitia SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo), na kukaa mezani na wanaokudai. Ili nisipendelee, zote nitazipitisha kwenye nyumba moja ya mfano.

Nyumba yenyewe

Tuseme ni mama wa watoto wawili, yuko Mbagala, anauza mitumba. Akishatoa kodi, chakula, nauli na umeme, anaweza kutenga shilingi 200,000 kwa mwezi kwa ajili ya madeni tu. Anadaiwa jumla ya 750,000, na zimegawanyika hivi.

Dukani kwa Mangi, muuza duka wa mtaani, kuna 60,000 kwenye daftari, haina riba. Dada wa kazi anadai mshahara wa miezi miwili, 150,000, nayo haina riba. Kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kinamdai 240,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi kwenye deni linalobaki. Halafu kuna mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita kausha damu: 300,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi. Wengi wao hukusanya kwa siku au kwa wiki. Nimeweka kwa mwezi ili hesabu isomeke, na asilimia hizo ni za mfano, weka za kwako.

Angalia kinachotokea hapo. Kabla hajapunguza chochote, mwezi wa kwanza riba peke yake inakula 72,000: ya mtaani 60,000 na ya kikoba 12,000. Kinachobaki kufanya kazi ni 128,000.

Nitakachopimia

Cha kwanza ni gharama, yaani riba yote atakayoilipa mpaka mwisho. Cha pili ni mwezi mbaya: tuseme mwezi wa pili mtoto analazwa na ile 200,000 inageuka 60,000, je, njia inahimili? Cha tatu, nani anaachwa akisubiri, kwa sababu kila unapoamua kumlipa mmoja umeamua pia kumzungusha mwingine. Cha nne ni masharti ya kuingia.

Mikopo ya simu kama Songesha nimeiacha nje ya mfano kwa makusudi. Hiyo huwezi kuipangia foleni: pesa ikiingia kwenye simu, inajikata yenyewe. Kama unayo, itoe kwanza kwenye kile unachoita kipato, ndipo upate kiasi chako halisi cha kulipia madeni. Watu wengi mpango unawavunjikia hapo bila kujua kwa nini.

Njia ya kwanza: deni dogo kwanza

Unapanga madeni kwa ukubwa. Wote wenye riba unawapa riba yao, kila kinachozidi unakielekeza kwa deni dogo kuliko yote. Likiisha, unahamia linalofuata.

*Gharama.* Mama wetu anafunga daftari la Mangi mwezi wa kwanza na kumpunguzia dada 68,000. Mwezi wa pili dada ameisha. Kikoba kinaisha mwezi wa nne, na mkopeshaji wa mtaani mwezi wa sita. Riba yote aliyolipa: karibu 337,000. Ni zaidi ya mkopo wenyewe aliouchukua mtaani, kwa sababu kwa miezi mitatu yule wa asilimia 20 alikuwa anakunywa 60,000 zake na deni la msingi halijaguswa.

*Mwezi mbaya.* Mwezi wa pili riba inayodaiwa bado ni 72,000 na yeye ana 60,000. Amepungukiwa 12,000, kikoba kitamlima faini. Lakini kwa Mangi daftari ni jeupe, unga na mafuta vinakopeka tena. Dada ameona pesa mkononi mwezi uliopita, kwa hiyo yupo, anabaki na mdogo wakati mama amelala wodini na mkubwa. Hili halionekani kwenye hesabu ya riba.

*Anayesubiri.* Mkopeshaji wa mtaani. Ajabu ni kwamba huyu hana haraka, ndiyo biashara yake. Anayelipwa riba kila mwezi bila deni kupungua hakusumbui, anakusalimia vizuri kabisa.

*Masharti.* Hakuna. Unaanza leo jioni.

Inamfaa mtu ambaye madeni yake yote yana riba inayolingana au hayana kabisa, na mtu aliyechoka kiasi cha kutofungua hata kikaratasi cha hesabu. Kufuta jina moja kwenye orodha ndani ya wiki nne kunarudisha usingizi. Sikubaliani na wanaoiita njia ya wasiojua hesabu. Inamgharimu sana mtu mwenye kausha damu, hilo ni kweli, ila si kila mwenye madeni anayo.

Njia ya pili: riba kali kwanza

Hapa unapanga kwa asilimia. Mkopeshaji wa mtaani anatangulia, kisha kikoba, kisha wasio na riba.

*Gharama.* Mwezi wa kwanza zile 128,000 zote zinaenda mtaani, deni linashuka hadi 172,000. Mwezi wa pili riba imeshapungua mpaka 46,400, kwa hiyo kinachobaki kupunguza deni kimekua chenyewe: 153,600. Mwezi wa tatu mtaani kumeisha. Wa nne kikoba kimeisha, wa tano kila mtu. Riba yote ni karibu 138,000. Tofauti na njia ya kwanza ni 199,000 hivi, sawa na mwezi mzima wa kujinyima.

*Mwezi mbaya.* Riba ya mwezi wa pili ni 46,400, ana 60,000, anabakiwa na 13,600. Kwa wenye riba amepona. Nyumbani ndiko kwenye shida: kwa Mangi hajalipa, hakopesheki, na dada bado anadai ile miezi miwili yote.

*Anayesubiri.* Hapa ndipo ninapogombana na njia hii. Kwa mpangilio wake mkavu, dada wa kazi anaanza kulipwa mwezi wa nne. Hakuna dada atakayekaa miezi yote hiyo bila mshahara, na hapaswi kukaa. Naye ana kwao, huenda ana mtoto kijijini anayesubiri hiyo 75,000. Akifungasha, mama anakosa mtu wa kubaki na watoto, biashara inafungwa, na ile 200,000 ya mwezi iliyobeba mpango mzima inatoweka. Deni lenye riba sifuri linageuka kuwa ghali kuliko yote.

*Masharti.* Hakuna pia, ila nidhamu. Wiki nane za mwanzo utalipa na hutaona jina hata moja likifutika.

Inamfaa mwenye kipato kisichoyumba sana, mwalimu au muuguzi kwa mfano, mwenye mama au dada wa damu wa kubaki na watoto. Hata kwake ningefanya marekebisho kidogo: mtoe anayekulelea watoto kwenye foleni, mlipe kama unavyolipa kodi ya nyumba, kisha panga riba kwa waliobaki. Utachelewa kidogo mtaani, lakini hutakosa mtu wa kukushikia mtoto Jumatatu asubuhi.

Njia ya tatu: kuunganisha kupitia SACCOS

Unachukua mkopo mmoja wa riba nafuu, unawalipa wote siku moja, unabaki na mdai mmoja.

*Gharama.* Tukichukua mkopo wa 750,000 kwa asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, na aendelee kulipa 200,000 zake, anamaliza mwezi wa nne na riba ni karibu 28,000. Akiunyoosha mpaka miezi 12, rejesho ni kama 69,000 kwa mwezi na riba yote ni 75,000 hivi. Ongeza ada ya fomu na bima ya mkopo, na uulize mapema kama unaruhusiwa kumaliza kabla ya muda.

*Mwezi mbaya.* Kwa rejesho la 69,000, ile 60,000 haitoshi, pengo ni 9,000. Lakini mwezi wa kwanza alipaswa kubakiwa na 131,000. Kama alizitunza, pengo si kitu na dawa za mtoto zimo. Kama alizila, na ukweli ni kwamba pesa iliyolegea nyumbani kwenye watoto inaliwa, basi simu inapigwa kwa wadhamini wake.

*Anayesubiri.* Hakuna, wote wamelipwa. Badala yake kuna watu wawili au watatu waliotia saini kwa ajili yako, na hao utakutana nao kazini au kanisani.

*Masharti.* Hapa ndipo wengi wanapokwama. SACCOS nyingi hukopesha mpaka mara tatu ya akiba yako, kwa hiyo kwa 750,000 uwe na 250,000 ndani. Wanataka uwe umekaa uanachama kwa muda, na wanataka wadhamini wenye akiba. Mtu anayeanza leo hatapata mkopo wiki ijayo.

Tahadhari yangu kubwa ni kwa wale wanaokuja na "mkopo wa kufuta mikopo" kwenye simu au kwenye karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha lazima awe na leseni, na kwa wakopeshaji wasiopokea amana Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu hiyohiyo ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Anayekutaka umwachie kadi ya benki na namba ya siri, ondoka hapo hata kama riba yake ni tamu.

Na ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri? Haina riba, ndiyo, na wanawake wametengewa asilimia 4. Inatolewa kwa kikundi, kwa ajili ya mradi. Ukiipeleka kwa kausha damu utakuwa umewatia wenzako wa kikundi kwenye deni lako, na mradi haupo. Mimi siihesabu kama njia ya kuunganishia madeni.

Inamfaa ambaye tayari ni mwanachama, ana akiba, na sababu ya kukopa imeshapita. Kama bado kila mwezi matumizi yanazidi kipato, SACCOS itakusafishia mlango tu: baada ya miezi mitatu una rejesho la SACCOS na mtaani umerudi.

Njia ya nne: kukaa mezani

Unamfuata anayekudai kabla hajakufuata, unamwambia ukweli, unaomba masharti mapya: riba isimame, malipo yagawanywe.

*Gharama.* Tuseme mkopeshaji wa mtaani anakubali kusimamisha riba na kupokea 300,000 zake kwa awamu tano za 60,000. Hiyo 60,000 ni ileile aliyokuwa anaitoa kama riba! Sasa inaua deni. Zilizobaki anazipanga kwa deni dogo kwanza: Mangi mwezi wa kwanza, dada wa pili, kikoba wa nne, na mwezi huohuo zinabaki za kumalizia mtaani. Riba yote aliyolipa ni kama 37,000, yote ya kikoba.

*Mwezi mbaya.* Awamu ya 60,000 inakula kila alichonacho, na riba ya kikoba, 12,000, inakosa pa kutoka. Tena makubaliano ya mdomo ndiyo ya kwanza kuvunjika, na ukiikosa awamu moja anaweza kurudisha riba yake yote ya nyuma. Kwa hiyo usiahidi awamu kubwa kwa aibu. Ahidi ile utakayoiweza hata mwezi wa homa.

*Anayesubiri.* Wote wanasubiri kidogo, lakini kwa ridhaa.

*Masharti.* Uso mkavu, na maandishi. Andikeni kiasi kilichobaki, awamu na tarehe, kila mmoja asaini, na shahidi awepo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa hufanya kazi hiyo kila wiki. Lipa kwa simu badala ya taslimu ili muamala ubaki. Mkopeshaji mmoja, simtaji, aliniambia hakumbuki awamu mbili nilizompa mkononi, na sikuwa na cha kumwonyesha.

Kwa nini akubali? Mkopeshaji asiye na leseni anajua hawezi kwenda mahakamani na riba ya asilimia 20 kichwa juu. Anajua pia kwamba mtu aliyebanwa sana huhama usiku. 300,000 ya uhakika ni bora kuliko kitanda na jiko la gesi alivyobeba mlangoni kwako. Wapo wasiosikia, hata hivyo, na wapo wanaosikia halafu wanakuletea karatasi mpya yenye deni kubwa kuliko la awali. Soma mpaka mstari wa mwisho, au mpelekee mtu akusomee, kabla ya kusaini.

Kikoba ni rahisi zaidi. Uliza mwezi wa kuvunja, yaani wa kugawana akiba. Kama ni Desemba na sasa ni Oktoba, huenda akiba yako inatosha kukatwa deni lote kwenye mgao, ukaokoa pesa za sasa kwa wengine.

Inamfaa mwenye wadai wachache anaowafahamu kwa sura. Kwa programu ya simu inayojibu kwa ujumbe wa mashine, hutapata wa kukaa naye mezani.

Kwa macho mamoja

| Njia | Inaisha mwezi wa | Riba yote (TSh) | Mwezi mbaya |
|---|---|---|---|
| Deni dogo kwanza | 6 | 337,000 | Riba inapungukiwa, nyumbani kuna nafuu |
| Riba kali kwanza | 5 | 138,000 | Riba inatosha, nyumbani kunabana |
| SACCOS, miezi 12 | 12 | 75,000 na ada | Salama kama ziada ilitunzwa |
| Kukaa mezani | 4 | 37,000 | Awamu inatosha, kikoba kinakosa |

Mstari wa mwisho unavutia, lakini una "kama" kubwa ndani yake: kama mtu mwingine atakubali. Na wa SACCOS una ya kwake: kama una akiba. Mistari miwili ya juu haimtegemei mtu yeyote.

Ukiwa katika hali hii

Kama una kausha damu na huna akiba popote, nenda mezani kwanza, wiki hii. Akikataa, rudi kwenye riba kali kwanza, huku anayekulelea watoto akilipwa nje ya foleni.

Kama ni mwajiriwa, mwanachama wa SACCOS, na deni limetokana na jambo lililokwisha, msiba au upasuaji, unganisha. Chagua rejesho la muda mrefu, halafu zile zinazozidi weka mbali na simu yako mpaka zifike mwezi mmoja wa matumizi. Baada ya hapo ongeza kasi.

Kama kipato chako ni cha siku kwa siku, mama lishe, msusi, bodaboda, na madeni mengi ni ya dukani na ya majirani, deni dogo kwanza litakutosha. Riba si tatizo lako. Mlango wa kukopa unga ndio unaoulinda.

Kama mzazi mwenzio yupo hai na ana kipato, kuna mlango ambao haumo kwenye jedwali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi wote wawili wajibu wa matunzo, wawe walioana au hawakuoana, na pa kuanzia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya eneo lako. Najua wapo ambao hawataki hata kulisikia jina lake, na wana sababu zao. Kwa anayeweza, hata 50,000 kwa mwezi inageuza 200,000 kuwa 250,000, na jedwali lote hapo juu linafupika.

Na kama hujui unadaiwa kiasi gani, usichague njia yoyote bado. Watoto wakilala, kaa na kalamu, andika majina, kiasi, riba na tarehe. Kesho asubuhi pitia kwa Mangi ukahakikishe la kwake, yeye ameliandika vizuri kuliko wewe.